Hata Rangi Haijatoka

Taa zilikuwa nyekundu, na kila mwenye macho aliziona. Muuguzi aliziona mapema. Akakanyaga klachi, akakanyaga breki, akaweka gia huru, kisha akashusha pumzi ndefu kama zile alizozoea kuzisikia wodini mtoto anapotoka salama. Mwalimu, aliyeketi kando yake, ndiyo kwanza alikuwa anafungua mdomo amsifu. Hakuwahi. Kitu kiliwapiga kwa nyuma, puu! Miwani ya Mwalimu ikaruka mpaka kwenye kioo cha mbele, na gari lao dogo likasogea bila ridhaa ya mtu yeyote aliyekuwamo.

"Nimefanya nini?" Muuguzi aliuliza, mikono yake ikiwa bado imeng'ang'ania usukani.

"Wewe? Umesimama vizuri kuliko siku zote. Shingo vipi?"

"Ipo."

"Izungushe. Taratibu."

Mwalimu alikuwa anaishi kwa kufundisha watu kuendesha, na gari hilo ndilo lilikuwa shule nzima. Jengo halikuwepo, ofisi haikuwepo, kengele haikuwepo. Kulikuwa na gari dogo la bluu lililochakaa kwa heshima, na nyuma yake neno MWANAFUNZI kwa herufi kubwa kiasi kwamba hata asiyejua kusoma angelikwepa. Sasa aliyejua kusoma amelivaa zima zima. Mwalimu akaokota miwani, akashuka akiwa amejiandaa kugombana, halafu akamwona aliyekuwa anashuka kwenye gari kubwa jeusi nyuma yao. Ugomvi wote ukamrudia tumboni. Alikuwa mwenye nyumba wao.

Wapangaji walimwita Dakika Mbili, ingawa si mbele yake. Choo kikiziba, "dakika mbili, fundi yuko njiani." Bati likivuja, "nipeni dakika mbili tu," na mvua zinapita, na za mwaka unaofuata nazo zinapita. Kitu pekee kisichojua kungoja kwa mzee huyo kilikuwa kodi.

"Aa! Kumbe ni wewe, Mwalimu!" alisema kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu harusini. "Afadhali. Angekuwa mtu baki tungesumbuana bure."

Akainama, akalipapasa bampa kama mnunuzi anayechagua tikiti. Palikuwa na alama moja nyeusi. Akatia mate kidoleni, akaifuta, ikafutika.

"Unaona? Hata rangi haijatoka. Gari lako gumu kama mwenyewe. Basi, nina watu wananingoja."

Mwalimu alitaka kusema wangoje polisi. Alitaka kusema mengi. Lakini ukiwa unalala chini ya bati la mtu, ulimi huwa mzito mbele yake, na honi za nyuma zilikwisha kuanza kulia kama watoto wenye njaa. Akalitazama tena bampa. Kweli lilikuwa zima.

"Sawa, Mzee," alisema, na neno hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka nyumbani.

*

Wa kwanza kugundua kwamba gari linaumwa alikuwa mama mkwe. Macho ya bibi huyu yalikuwa yameanza kumsaliti, lakini masikio yake yalisikia hata jirani akifunika sufuria. Kesho yake asubuhi Mwalimu alikuwa anampeleka hospitali. Bibi aliketi nyuma kama kawaida yake, maana kiti cha mbele, alisema, ni cha watu wenye haraka ya kufa.

"Mke wa mwanangu, kiti hiki kinanong'ona."

"Kinasema nini, Mama?"

"Nitajuaje? Si lugha yangu. Ukifunga breki kinasema kche, ukiondoka kinasema kche. Juzi hakikuwa na maneno."

Mwalimu akafunga redio, akasikiliza. Kche. Kisha akakumbuka kwamba asubuhi ile buti lilikataa kufungwa mpaka alipolibamiza, na kwamba mlango wa nyuma ulikuwa unasaga kidogo, kama mtu anayeuma meno usingizini. Kulikuwa na harufu ya moshi pia, hafifu, ya kuja na kwenda. Angeweza kujiambia kwamba ni gari tu la zamani. Lakini alilijua gari hilo kama mama anavyojua pumzi za mtoto wake, na pumzi hizi hazikuwa zake.

Nyumbani alikuta mambo yamemtangulia. Mumewe alikuwa kinyozi, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo waliyopanga: viti viwili, benchi la wanaongoja, na kioo kilichopasuka pembeni. Dakika Mbili alikuwa mteja wake wa kila Ijumaa, mteja wa namna ya pekee, kwa kuwa akisimama kutoka kitini husema, "Tutahesabu kwenye kodi," na kodi ikifika, hesabu hiyo huwa imesahauliwa. Safari hii hakungoja Ijumaa. Alikuja siku ile ile, akavishwa shuka, akaegemea, na mbele ya benchi lililojaa akasema:

"Kinyozi, mkeo ni mwalimu mzuri, lakini wanafunzi wake, loo! Jana pale kwenye taa gari lao limeteleza likarudi nyuma, likanigonga. Mimi nimesamehe. Sisi ni watu wa nyumba moja."

Kinyozi alijua si kweli. Alikuwa amesimuliwa yote usiku, pamoja na vitendo. Mkono wenye wembe ukasimama hewani. Kwenye benchi watu walikuwa wanaguna kwa masikitiko, wale wale ambao wake zao walikuwa wanawaza kujifunza gari. Mkono wa mzee ukachomoza chini ya shuka kama kichwa cha kobe.

"Yamekwisha?"

Kinyozi aliutazama mkono ule. Aliliona bati, akauona mlango, akamwona mama yake na magodoro yao barabarani. Akaupokea.

"Yamekwisha, Mzee."

Habari mbaya haina breki. Juma halijaisha, wanafunzi wawili wakaaga. Mmoja alisema anasafiri, kisha Mwalimu akakutana naye sokoni anachagua vitunguu. Wa pili alikuwa mkweli zaidi: "Usinielewe vibaya, dada, lakini nimesikia gari lako linarudi nyuma lenyewe."

"Umempa mkono?" Mwalimu alimuuliza mumewe jioni hiyo, akiwa amesimama katikati ya sebule na mwiko mkononi.

"Mama watoto, mtu amevaa shuka, ametoa mkono mbele za watu. Ningefanya nini?"

"Ulikuwa na wembe!"

"Wembe ni wa ndevu."

"Na ulimi wako ni wa nini?"

"Ulimi wangu unalala humu humu ndani, Mwalimu. Ukitufukuzisha, tutalala kwenye gari lako?"

"Baba yake alikuwa hivi hivi," sauti ya mama mkwe ikatoka chumbani. "Aliwahi kumwomba radhi mwizi aliyejikwaa kwenye ndoo yetu."

Kinyozi akainuka, akaenda kufagia nywele ambazo alikwisha kuzifagia.

*

Fundi bodi wa gereji ya mtaa wa pili alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno mengi kuliko vifaa, na aliyezunguka gari kwanza mikono ikiwa mgongoni, kama daktari anayetaka mgonjwa amwogope. Muuguzi alikuwa ameomba kuja. Alijiona ana deni la roho, ingawa Mwalimu alimkatalia, na sasa alikuwa ameshika kurunzi bila kutikisika kama yuko chumba cha upasuaji.

"Nani kakwambia halina kitu?" Fundi aliuliza.

"Aliyeligonga."

"Huyo ndiye huwa anajua." Akaligonga bampa kwa kidole. "Hii ni plastiki, Mwalimu. Plastiki ina adabu mbaya. Ukiipiga inabonyea, ukigeuka inarudi ilipokuwa na kukuchekea. Tusiiulize hii. Tuwaulize waliosimama nyuma yake."

Akaanza na mianya. Alipitisha kidole kati ya buti na ubavu wa gari, upande wa kulia, kikapita. Upande wa kushoto hata ukucha haukupita. Akamwambia Muuguzi amulike, naye akaona mwenyewe: buti lilikuwa limekaa upande kama kofia ya mlevi. Fundi akafungua skrubu, akalitoa bampa. Nyuma yake, chuma kilichotakiwa kunyooka kutoka upande hadi upande kilikuwa kimepinda kama ndizi.

"Tumefika getini," Fundi akasema. "Tuingie ndani."

Ndani ya buti alikunja zulia. Tairi la akiba lilikataa kutoka, maana shimo lake lilikuwa limebanwa. Alipolichomoa kwa jeki na matusi ya upole, sakafu chini yake ilionekana imejikunjakunja kama shuka la mtu mwenye homa. Rangi ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo, na chuma kilichokuwa wazi kilikuwa bado kinameta, hakina hata kutu. Mshono mmoja ulikuwa umeachia. Muuguzi akaupitisha mwanga chini ya gari, na mwanga ukatokea ndani ya buti.

"Moshi unapita hapa," Mwalimu akasema polepole.

"Unapita na kubisha hodi." Fundi alikuwa ameshaingia kiti cha nyuma kwa magoti. Akashika egemeo, akalivuta. Kche. Akaita wote wawili waone. Komeo linaloshikilia kiti kisianguke kwenye buti lilikuwa limeng'oka upande mmoja, na upande wa pili limebaki kwa ukucha. "Hapa asikae mtu. Si mtoto, si mkubwa, si mzigo unaoupenda. Breki moja kali, mtu anakwenda na kiti."

Mwalimu alikuwa anamwona mama mkwe ameketi pale, mkoba mapajani, analalamika kwamba kiti kinanong'ona. Alikuwa amempeleka hospitali na kumrudisha, na njiani alikimbiza gari kuwahi taa. Ubaridi ukampita mgongoni, na ulipotoka ulimwachia hasira. Aibu aliyokuwa nayo tangu siku ya ajali hakuiona tena ilipokwenda.

"Fundi, gari likiteleza kurudi nyuma, likamgusa mtu, linaweza kuwa hivi?"

"Linaloteleza linachubuka. Hili limepigwa na mtu aliyekuwa anakwenda, tena akitazama kitu kingine."

"Utakuja kuyasema hayo uani kwetu, mbele ya mwenye nyumba? Ndiye aliyenigonga."

"Akija kuchukua kodi?" Fundi akatabasamu mpaka masikioni. "Nitakuja bure. Napenda sana kuona sura za watu." Akalishusha buti, likaingia kwa kishindo. "Ila ujue, sasa limefungwa ndiyo limefungwa. Halifunguki mpaka linyooshwe."

*

Mwalimu alilirudisha gari taratibu, peke yake, madirisha yote wazi, akaliegesha uani na kuacha kufundisha. Kinyozi alimbembeleza kwa siku kadhaa. Alisema watajichanga, watatengeneza wenyewe, kimyakimya, na mzee hatajua kitu.

"Atakuwa hajui kitu," Mwalimu alisema, "na mimi nitakuwa mwanamke ambaye gari lake linarudi nyuma lenyewe. Mama alikaa kwenye kile kiti."

Kinyozi alikuwa hajaliwaza hilo.

Siku ya kodi, Dakika Mbili aliingia uani na harufu ya manukato ikiwa imemtangulia. Wapangaji walikuwa nje: wanaofua, wanaosuka, wanaojifanya wanafua. Fundi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na Muuguzi alikuwa amekuja na sare yake ya kazi. Mwalimu akamsalimu mzee kwa heshima zote, kisha akamweleza: chuma, sakafu, mshono, moshi, kiti. Hakupandisha sauti. Mzee alisikiliza huku anazungusha ufunguo kidoleni.

"Mwalimu, mimi mtu mzima. Gari hili lilikuwa bovu hata kabla sijazaliwa. Leo mmemleta fundi wenu mnikamue?"

"Chuma kilichopasuka kingali kinang'aa, Mzee," Fundi alisema kutoka kwenye ndoo. "Kingekuwa cha zamani kingeota kutu."

"Sikukuuliza wewe! Kiti kibovu, kiti kibovu. Kiti gani? Hiki?" Akafungua mlango wa nyuma.

"Mzee, tafadhali usikae hapo," Mwalimu akasema.

"Nikikaa?"

"Mzee, nakuomba. Kinyozi, mwambie."

"Mzee, usikae," Kinyozi akasema, na kwa kweli alisema kwa moyo wake wote.

Hakuna kinachomkalisha mtu kama kuambiwa na wapangaji wake asikae. Dakika Mbili aliingia, akaketi, akapanga suruali yake vizuri. Akawatazama mmoja mmoja kupitia mlangoni. "Mnaona? Kiti ni kiti," akasema, na ili kumaliza ubishi akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, uzito uliolelewa kwa kodi nyingi.

Kche.

Hawakumwona tena. Pale alipokuwa uso wa mwenye nyumba palibaki nyayo mbili zinazotazama mbingu, moja ya kiatu, ya pili ya soksi iliyotoboka ikiruhusu kidole gumba kupunga hewa. Hata waliojifanya wanafua waliacha kujifanya.

"Fungueni buti!" sauti ikatoka ndani, nzito kama ya mtu aliye kisimani.

"Halifunguki, Mzee," Fundi akajibu kwa huzuni ya kitaalamu. "Limepinda. Ndiyo nilikuwa naeleza."

"Basi nitoeni!"

Mtu mmoja nyuma ya kamba ya nguo, hata leo hajulikani ni nani, akasema kwa sauti nyembamba: "Dakika mbili tu, Mzee!"

Hapo ua mzima ukapasuka. Walicheka mpaka beseni likamwagika. Mama mkwe, ambaye alikuwa haoni vizuri, alidai asimuliwe, kisha asimuliwe tena. Waliofanya kazi ni Muuguzi na Kinyozi. Muuguzi aliingia mbele, akamshika mzee shingo, akamuuliza kama anaihisi mikono na miguu yake, akamkataza kujipindua. Kinyozi akavuta miguu. Walimtoa polepole kama gunia lenye mayai, mabega yana vumbi, kiatu kimoja kimebaki ndani.

Mwalimu peke yake hakucheka. Alimpa maji, akangoja ayamalize.

"Sasa hapo, Mzee, gari lilikuwa limesimama," alisema. "Mama yangu mkwe alikuwa anakaa hapo likiwa linakwenda."

Dakika Mbili alimtazama bibi, ambaye wakati huo alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. Akaukung'uta mkono wake, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuwa na haraka.

"Peleka gereji," akasema. "Nitalipa mimi."

*

Alilipa, ingawa alijaribu kumshawishi Fundi atumie chuma cha zamani na Fundi akajifanya kiziwi. Lakini mtu akishaanguka kwenye buti la mwenzake haamini tena viti. Mzee alianza kulisikiliza gari lake mwenyewe. Kama kigari kile kilichoonekana kizima kimevunjika namna ile ndani, je hili lililokigonga? Aliwahi kuwatangazia wapangaji wote kwamba alilinunua jipya, likiwa bado na nailoni vitini. Sasa akalipeleka kwa Fundi asubuhi na mapema, kabla watu hawajatoka, akilini mwake akijua ni ukaguzi tu wa kujiridhisha.

Kwa bahati yake, au kwa ukosefu wake, siku hiyo Mwalimu alikuwa amekuja kuchukua la kwake. Lilikuwa limenyooshwa, buti linafungwa kwa kidole, na kiti cha nyuma kimenyamaza kabisa. Alikuwa ndani analiwasha aliposikia Fundi akitambaa kutoka chini ya gari jeusi.

"Mzee, hongera."

"Zima?"

"Sikusema hivyo. Una magari mawili."

"Magari mawili yapi?"

"Haya." Fundi alionyesha mbele, kisha nyuma. "Mbele ni la mtu, nyuma ni la mtu mwingine. Yaligongwa yote, yakakatwa katikati, yakaunganishwa hapa chini ya viti. Mkono wa aliyeunga ni mbaya kweli. Ila rangi, Mzee, rangi ni safi kabisa."

Dakika Mbili aliketi kwenye tairi. Mwalimu alijiuma shavu kwa ndani asicheke, na karibu ashindwe. Lakini aliposhuka alimwona mzee anakitazama kiti cha nyuma cha gari lake, na kicheko kikamwishia chenyewe.

"Nani hupanda humu, Mzee?"

"Wajukuu zangu," alisema. "Mimi ndiye ninayewapeleka shule."

Fundi akauchomoa ufunguo wa gari jeusi, akautia mfukoni mwake.

"Mwalimu," mzee akasema hatimaye, akitazama chini, "uani wasijue."

"Sitasema. Cha wajukuu si cha kuchezea." Akafuta miwani yake kwa upindo wa blauzi. "Lakini kuna maneno uliyaacha kwa kinyozi. Hayo ni yangu, Mzee. Nenda kaniletee."

Akamfungulia mlango wa gari lake, akamrudisha nyumbani.

*

Muuguzi alifanya mtihani wake juma lililofuata na akafaulu, na mwanafunzi wa vitunguu akarudi "safarini." Yule mkweli bado alikuwa anasitasita.

Ijumaa, Dakika Mbili alikuja kwenye chumba cha mbele kwa miguu. Benchi lilikuwa limejaa. Akavishwa shuka, akapakwa povu, akafumba macho. Kinyozi alipoweka wembe chini ya sikio, mzee akakohoa.

"Ile siku ya taa," alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza dawa ya ugonjwa wa aibu. "Gari la Mwalimu lilikuwa limesimama. Niliyegonga ni mimi. Nilikuwa natazama simu."

Wembe ukasimama. Benchi zima likamtazama Kinyozi, maana walimjua. Walijua sasa atasema hakuna neno, Mzee, yamekwisha, na atalishusha jambo hilo haraka kama mtu anayefunika kinyesi cha paka. Yeye mwenyewe alilisikia neno hilo likipanda kooni, limezoea njia. Nje, dirishani, mkewe alikuwa anamfundisha mtu mpya kuondoa gari: polepole, achia, usiogope, litaondoka.

Akaufuta wembe kwenye kitambaa, akageukia benchi.

"Wewe wa mlangoni, umesikia?"

"Si vizuri sana," alisema mtu wa mlangoni, ambaye alikuwa amesikia kila herufi.

"Rudia, Mzee," Kinyozi akasema, akirudisha wembe kidevuni kwa upole. "Bila kutikisa taya."

"Na kwa nguvu!" mama mkwe akapaza sauti kutoka chumbani. "Sisi wa huku ndani hatujapata kitu!"